Barua Zisizo na Salamu

Kompaila ilimkatalia Siwatu tena, na safari hii ilimkatalia kwa adabu, jambo lililomuudhi kuliko matusi. Chini ya mistari ya maonyo aliyokwisha kuyazoea, kioo kilionyesha maneno mawili: *Hujapiga hodi.*

"Nimpigie nani hodi?" aliiuliza mashine. "Chumba chenyewe hakina hata mlango!"

Kweli hakikuwa na mlango. Kilikuwa chumba cha pampu kuukuu, chini kabisa ya Kambi ya Bonde la Tisa, huko Mwezini, kimezibwa kwa pazia la turubai. Kamati ya wachimbaji ilikichukua kwa sababu Kampuni ilikwisha kukisahau, na mashine iliyokuwa mezani waliiokota kwenye mtambo wa kuchekecha mawe. Siwatu Mbonde alikuwa fundi wa pampu kwa mkataba. Ufundi wa kompyuta alibebeshwa na kamati siku alipofanya kosa la kusema kwamba aliwahi kuusomea.

Kazi aliyopewa ilisikika rahisi mdomoni. Kulikuwa na Tarishi, programu ya seva ya barua, ile ya kupokea, kupanga na kutuma, ambayo mtu yeyote angeweza kuipata bure. Na kulikuwa na Komeo, maktaba ya kufunga barua kwa siri, iliyoandikwa na mtu mmoja kwa mikono yake. Kompaila ilitakiwa ichukue maandishi ya huku na maandishi ya kule, iyaunganishe yawe programu moja inayotembea. Tangu asubuhi ilikuwa haitaki.

Mtu mwenyewe aliyeandika Komeo alikuwa ameketi nyuma yake juu ya pipa lililopinduliwa, akinywa kahawa ya tangawizi kwa utulivu wa kukera. Mwalimu Haji Vuai alifundisha hisabati miaka mingi kwao Makunduchi kabla hajaja Mwezini kupima mashimo. Kambi nzima ilimheshimu. Siwatu pia alimheshimu, ila tangu asubuhi heshima hiyo ilikuwa ikimgharimu.

"Mwalimu, hii hodi ni kitu gani?"

"Ni hodi," Mwalimu alisema. "Mtu haingii kwa mtu hivi hivi. Hiyo Tarishi yako inataka kuingia ndani ya Komeo, basi na ipige hodi, ingoje kuambiwa karibu. Isipoitikiwa mara tatu, iondoke zake."

"Hii ni programu, Mwalimu. Haina miguu wala haya."

"Ndiyo maana nikaifundisha."

"Na umeliandika wapi jambo hili, ili anayeitumia maktaba yako ajue?"

Mwalimu alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Liandikwe la nini? Nani asiyejua kupiga hodi?"

Siwatu alivuta pumzi, akaishikilia, akaitoa. Akaandika mistari michache ya kuifunza Tarishi adabu, akabonyeza. Kompaila ilitafuna, ikatafuna, ikatema kosa jipya: herufi moja ilikuwa imezidi. Alihangaika nalo mpaka shingo ikamuuma, ndipo akagundua kwamba Tarishi ilihesabu herufi kuanzia sifuri, kama programu zote za dunia, na Komeo ilihesabu kuanzia moja.

"Tangu lini," Mwalimu alisema alipoulizwa, "mtu akahesabu mbuzi wake akaanza na sifuri?"

Jibu alilokuwa nalo Siwatu halikufaa kumwambia mtu mwenye umri wa baba yake.

Wasingehangaika na maktaba ya nyumbani kama wangekuwa na njia nyingine. Mkataba wa kazi ulisema kwamba kufuli lolote, hata la barua, litakalotumika ndani ya kambi, nakala ya ufunguo wake ibaki kwa Kampuni. Matokeo yake kila mtu aliyajua. Barua zilikwenda nyumbani zikiwa na matundu: neno *vumbi* limetoka, neno *kifua* limetoka. Dada yake Siwatu aliwahi kumwandikia kutoka Handeni akiuliza kama siku hizi Mwezini watu hupewa maneno kwa mgawo.

Na sasa kesi ilikuwa imefika. Wiki ijayo baraza la usuluhishi lingekaa Dodoma kuamua kama vichujio vya hewa vya Bonde la Tisa vimekufa, kama walivyosema wachimbaji, au ni vizima, kama ilivyosema Kampuni, ambayo ilidai hakuna hata mtu mmoja aliyelalamika. Wakili wao, Bi Nyamizi, alitoa shauri moja: watu waandike nyumbani, kila mmoja kwa mtu wake, waseme ukweli wa vifua vyao, nazo barua zifunguliwe ofisini kwake, naye awafikishie ndugu na kubaki na nakala za kulisomea baraza. Leo saa tisa alasiri chombo kidogo cha redio cha wanafunzi wa chuo, kinachouzunguka Mwezi, kingepita juu ya bonde, nao walikubali kubeba barua. Kingepita tena baada ya kesi kwisha. Na kama Kampuni, iliyodaka kila redio iliyotoka bondeni, ingezisoma barua kabla ya baraza kukaa, walioandika wangehamishiwa Shimo la Chini, ambako hewa ilikuwa mbaya zaidi, kwa kisingizio cha mahitaji ya kazi. Hilo lilikwisha kumpata mtu, na mtu mwenyewe hakupanda tena.

Kompaila ilitafuna kwa mara nyingine. Safari hii haikutema kitu. Siwatu alikikodolea macho kioo, hakuamini, kisha akapiga ukelele uliomfanya Mwalimu amwage kahawa.

"Nilikwambia," alisema Mwalimu akijifuta suruali. "Komeo haina tatizo."

*

Ilikuwa bado mapema, na Siwatu alitaka kujaribu mambo kabla ya kukabidhi. Aliandika barua tatu za uongo, moja kwa mama, moja kwa mjomba, moja kwa mchumba ambaye hakuwa naye, akaziamuru zifungwe. Komeo ikazifunga. Akazipanga kwenye kioo, moja chini ya nyingine, aone kama kuna iliyokatika.

Hakuna iliyokatika. Lakini zote tatu zilianza sawa.

Barua iliyofungwa vizuri inatakiwa ionekane takataka tupu, na kila takataka iwe tofauti na mwenzake. Hizi zilikuwa na takataka ileile, herufi kwa herufi, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, ndipo zikaachana njia. Siwatu alizirudia barua zake na kusoma alichoandika. *Salamu nyingi sana zikufikie hapo ulipo. Ama baada ya salamu, natumaini u buheri wa afya. Mimi huku ni mzima, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu.* Hakufikiri alipoyaandika. Alifundishwa hivyo shuleni, na mama yake alifundishwa hivyo, na kila mtu aliyekuwa kambini alifundishwa hivyohivyo.

Aliyafungua maandishi ya Komeo, akayasoma upya, safari hii kwa jicho la adui.

Komeo ilifanya kazi kwa mnyororo wa namba. Kila siku ilitengeneza mnyororo mmoja, na kila herufi ya barua ilijumlishwa na pingili moja ya mnyororo huo, ikageuka kitu kisichosomeka. Asiyekuwa na mnyororo hafungui. Lakini anayejua tayari maneno ya mwanzo ya barua atayatoa kwenye takataka, na kinachobaki ni mnyororo wenyewe, pingili kwa pingili. Mashine ya kuokota ilikuwa na kumbukumbu ndogo, kwa hiyo mnyororo wa Mwalimu ulikuwa mfupi. Ukiisha ulianza upya. Na salamu zao zilikuwa ndefu kuliko mnyororo. Mtu wa Kampuni mwenye akili ya kawaida, aliyewahi kupokea barua kutoka kwa shangazi yake, angezisoma barua zote za leo kabla ya chakula cha jioni.

"Mwalimu," alisema polepole, "naomba uandike barua hapa. Yoyote. Uifunge. Mimi nageuka, sitazami."

"Una michezo mingi leo."

"Niwie radhi. Andika."

Mwalimu aliandika akinung'unika, akafunga, akampisha. Siwatu aliweka takataka ya Mwalimu juu, akaandika chini yake salamu zilezile za shule, akaiambia mashine itoe. Mnyororo ukajitokeza. Akaurudisha kwenye takataka yote, kisha akasoma kwa sauti: "...*na baada ya hayo napenda kukujulisha kwamba binti huyu Siwatu ni fundi hodari, ila ana papara, na kahawa yangu ameimwaga.*"

Mwalimu alikuwa ameshika kikombe bila kukinyanyua.

"Kahawa umeimwaga mwenyewe," Siwatu alisema, kwa kuwa hakujua aseme nini kingine.

"Salamu si siri," Mwalimu alisema hatimaye, na sauti ilianza kupanda. "Hakuna mtu duniani anayeficha salamu! Sikuitengeneza Komeo ilinde salamu, nimeitengeneza ilinde maneno!"

"Lakini hizo salamu ndizo zinazofungua maneno, Mwalimu."

"Basi rekebisha! Si wewe fundi?"

"Siwezi! Nusu ya pili ya Komeo iko Duniani, kwa Bi Nyamizi, ilipelekwa kwa mkono na watu waliomaliza mikataba. Nikibadili hapa, kule haifunguki. Ungeniambia mapema mnyororo unajirudia, ningekwambia. Hukuniambia. Hukuniambia hodi, hukuniambia moja na sifuri, hukuniambia chochote, kila kitu ni *nani asiyejua!*"

Alijisikia akipiga kelele, na aliona aibu papo hapo, ila maneno yalikwisha kutoka. Mwalimu Vuai aliweka kikombe juu ya pipa, akainamisha kichwa, akapita chini ya pazia akaenda zake. Kwa mwendo wake tu, Siwatu aliona kwamba amemuumiza.

*

Mwenyekiti wa kamati, Bi Pili Machemba, mwanamke mfupi aliyeendesha winchi kubwa kuliko zote kambini, alisikiliza maelezo yote akiwa amesimama, kisha akauliza swali moja.

"Bila salamu, ingewachukua muda gani kuzifungua?"

"Wangefungua tu, Komeo si imara hivyo. Lakini wangehangaika wiki mbili tatu. Kesi itakuwa imekwisha."

"Basi tatizo liko wapi, mdogo wangu? Barua zote zimo humo kwenye seva, wazi, zinangoja kufungwa. Iambie mashine ikate salamu, ifunge, itume. Nani atajua?"

Siwatu alikuwa amekwisha kuliwaza hilo. Mistari mitatu ya msimbo ingetosha. Na ndiyo maana alikuwa amekaa na mikono mapajani badala ya kuandika.

"Nikifanya hivyo nitakuwa nimefungua barua za watu nikakata maneno yao bila wao kujua. Tumejenga kitu hiki chote kwa sababu Kampuni inafanya hivyohivyo."

"Kampuni inafanya kwa ubaya."

"Kampuni nayo inasema inafanya kwa usalama wetu."

"Siwatu, usinianzishie khutba. Saa zinakwenda."

"Haya. Wewe umeandikaje barua yako? Niambie mwanzo wake tu."

Bi Pili alisita, kisha akakariri akitazama ukuta. "Salamu nyingi sana zikufikie hapo ulipo. Ama baada ya salamu, natumaini u buheri wa afya. Mimi huku ni mzima, isipokuwa kifua, kwani sasa natema..."

"Umeona?" Siwatu alisema. "Mashine itajuaje salamu zinaishia wapi na kifua kinaanzia wapi? Ningekata hapo, ningekuwa nimekitoa kifua chako kwa mkono wangu."

Bi Pili alisonya, si kwa dharau bali kwa uchovu, akachukua kipaza sauti cha kamati.

Ikawa fujo. Siwatu alitegemea watu waogope, hakutegemea waudhike. Walijaa kwenye ujia wa pampu, kila mmoja na kibao chake cha kuandikia, na kila mmoja na sababu kwa nini yeye hasa hawezi kuandika bila salamu.

"Mama yangu akipata barua isiyo na salamu," alisema Kombo wa kuchoronga, "atatandika mkeka aite watu. Atajua nimekufa na aliyeandika ni mwingine."

"Mimi namwandikia baba mkwe," alisema mwingine. "Nimwanzie tu, 'kifua kinaniuma'? Bila shikamoo? Unataka ndoa yangu ivunjike?"

"Andikeni ukweli wenu na majina ya watu mnaowaandikia, basi," Siwatu aliwajibu mpaka sauti ikakwaruza. "Hakuna natumaini, hakuna buheri, hakuna hofu na mashaka. Kila mtu akate kwa mkono wake, mimi sigusi barua ya mtu."

Walikata. Walilalamika wakikata. Mmoja alirudi akiwa na uso wa ushindi, na Siwatu alipomuuliza kama amezitoa salamu, alisema: "Nimezihamishia mwishoni."

"Mwishoni!"

"Si ulisema zisikae mwanzoni?"

Siwatu aliegemeza paji la uso kwenye bomba la pampu, akaipokea baridi yake kwa muda kidogo. Kisha akaeleza upya, kutoka mwanzo, kwamba mnyororo unajirudia, kwamba salamu hata zikae katikati ni ufunguo, kwamba yeye hachukii salamu, kwamba hata yeye ana mama. Mtu yule alizitoa, kwa uchungu wa mtu anayevuliwa viatu mlangoni mwa nyumba asiyoiamini.

Saa nane ilipopita ujia ulikuwa mtupu. Kwenye seva barua zote zilikwisha kuthibitishwa na wenyewe, isipokuwa moja.

*

Mwalimu Vuai aliingia, akaketi mbele ya kioo. Siwatu aliinuka ili ampishe, lakini yeye alimshika mkono wa nguo.

"Kaa. Macho yangu hayaoni vizuri leo. Nisaidie, ila mkono uwe wangu."

"Mwalimu, kuhusu asubuhi..."

"Ulisema kweli. Kaa."

Alifungua barua yake. Ilikuwa kwa mkewe, Bi Mize, kule Makunduchi, ambaye kambi nzima ilijua anamtengenezea chumba cha kurudia. Alizifuta salamu nyingi sana zikufikie hapo ulipo. Akalifuta buheri wa afya. Akafuta mimi huku ni mzima, na hapo kidole kilisimama kidogo, kisha kikaendelea. Mstari uliofuata ulimsalimia mama mkwe. Akaufuta. Uliofuata uliwasalimia watoto mmoja mmoja kwa majina, kisha wajukuu, kisha jirani wa upande wa kisima, kisha wote wanaomuulizia na wasiomuulizia. Alifuta kwa utaratibu, bila haraka. Mwisho palibaki wasalamu, wako mume akupendaye, Haji. Akaufuta wasalamu, akafuta na mume akupendaye.

Ukurasa ulikuwa mweupe. Palibaki jina lake peke yake pembeni.

"Imekwisha," Mwalimu alisema.

Siwatu alikitazama kioo, hakuelewa, kisha akaelewa. "Hukumwandikia kitu kingine?"

"Nilikaa kuandika. Kila nilipomaliza salamu nilijiona nimesema ya kutosha." Alivua miwani, akaifuta kwa shati. "Daktari ameniambia tangu mwezi uliopita. Kifua changu hakitastahimili kupaa. Chombo cha kurudi Duniani kikinyanyuka tu, basi. Naweza kukaa hapa muda kidogo, lakini kurudi, sirudi."

Kambini kila mtu alikohoa. Siwatu alikuwa amekisikia kikohozi cha Mwalimu nyuma ya mgongo wake siku zote za kazi hii, na kilichomuudhi ni kwamba kilimvuruga mawazo. Sasa alitamani kukisikia tena, asikie kinasema nini, na aliona haya mpaka masikio yakawaka moto.

"Barua yangu haina ushahidi wowote," Mwalimu alisema. "Iache isiende. Zilizobaki zinatosha."

Huenda zilitosha. Siwatu alijua pia kwamba hakuna barua nyingine kwenye seva ambayo baraza lingeisikiliza kama hii, ya mpimaji mkuu wa mashimo ambaye mapafu yake yamemfungia njia ya kwao. Angeweza kumwambia hivyo. Angeweza pia kumwonea huruma, amwachie mzee huyu hofu na mashaka yake, na Bi Mize aendelee kuamini kwamba mumewe ni mzima. Kioo kilionyesha kuwa chombo cha wanafunzi kimechomoza juu ya ukingo wa bonde. Alikasirika kwamba hata hili limeangukia kwake.

"Ni barua yako, Mwalimu," alisema. "Ukitaka ibaki, itabaki, na sitamwambia mtu. Lakini yeye yuko kule anakutengenezea chumba."

Mwalimu alikisogelea kioo.

"Nianze vipi," aliuliza, "bila salamu?"

"Anza na jina lake."

Aliandika kwa kidole kimoja. *Mize. Sirudi.* Akapumzika. *Vumbi la shimoni limekimaliza kifua changu. Vichujio vilikufa mwaka juzi, niliwaandikia mimi mwenyewe mara mbili, na wakajua. Usinitengenezee chumba. Mpe mtoto alale.* Akaisoma akikikaribia kioo, akaweka koma mahali palipohitaji koma, kwa kuwa alikuwa mwalimu. Kisha akabonyeza mwenyewe.

Komeo iliifunga. Tarishi ikaichukua pamoja na nyingine zote, na mstari mmoja ukapita kwenye kioo, kisha mwingine, kisha mamia, takataka tupu, kila moja na ya kwake.

Walikaa wakitazama mpaka chombo kikazama upande wa pili wa bonde.

"Atadhani nimemkasirikia," Mwalimu alisema. "Miaka yote hii sijamwandikia bila kumsalimu."

Siwatu alikizima kioo.

"Mkataba wako unaisha lini?" Mwalimu aliuliza.

"Kabla ya Ramadhani."

"Basi pitia Makunduchi. Kisima utakiona. Umwambie salamu hazikuingia kwenye barua kwa sababu ya hesabu, si kwa sababu nyingine." Alivaa miwani yake. "Nisalimie, mwanangu. Yeye, na mama yake, na watoto, na wote."

Siwatu alijua kuna jibu moja tu kwa maneno hayo, jibu ambalo watu hulitoa bila kufikiri wakiwa wamekwisha kugeuka waende zao. Alilitoa akiwa amekaa, akimtazama usoni.

"Zimefika, Mwalimu."